Kumuuliza mwenzako kuhusu kujiua si kumfundisha kujiua

Vyuoni wengi huamini kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, utampa wazo ambalo hakuwa nalo. Kwa hofu hiyo tunanyamaza. Si kweli. Shirika la Afya Duniani limelieleza hili wazi: swali hilo halipandi wazo, bali humpa mtu nafasi ya kuutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake.

Tuseme ni mwenzako wa chumba hosteli. Ameacha kwenda darasani, chapati ya jana imekauka kwenye sahani, na leo anagawa madaftari yake akisema hatayahitaji tena. Usimwambie "jikaze", neno hilo tumelitumia mno, na humfunga mtu mdomo. Keti naye, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kisha sikiliza, usihubiri. Akikubali, usimwache peke yake wala usimwahidi kuficha. Fuatana naye hadi kwa mshauri nasaha au hospitali.

Nchini Kenya ukimya ulikuwa na sababu nyingine: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba.