Kabla simu haijatoka mfukoni: kumwomba ridhaa mgonjwa anayetibiwa kwa picha

Mimi ni daktari wa ngozi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na wagonjwa wangu wengi sijawahi kukutana nao. Nawaona vipande vipande: mgongo, kisigino, upande mmoja wa shingo, mkono ulioshikwa na mtu mwingine ili usitikisike. Picha zinatumwa na wauguzi wa vituo vya afya vya Idjwi, Kalehe, Shabunda na Kamituga, nami najibu nikipata nafasi kati ya wagonjwa wa hapa mjini. Madaktari wa ngozi ni wachache mno katika Kongo nzima, na njia ya Kamituga wakati wa mvua inameza malori. Kwa hiyo sibishani na anayesema kwamba tiba kwa simu kwetu ni lazima. Ninachobishania ni namna tunavyomwuliza mgonjwa kama anaikubali.

Wengi wetu tumezoea kuona ridhaa kama karatasi. Mradi unakuja na fomu ya kurasa mbili kwa Kifaransa, na chini kuna nafasi ya sahihi, au ya kidole gumba kwa asiyeandika. Idjwi watu wanasema Kihavu, Kamituga wanasema Kirega, wakikutana sokoni wanaelewana kwa Kiswahili. Kifaransa ni cha ofisini. Mgonjwa anatia kidole kwa sababu muuguzi amemwomba, na muuguzi huyo ndiye anayetoa dawa. Nani atamkatalia? Anasema "Ndiyo, docta," anapaka wino, na hajui bado kwamba goti lake linakwenda Bukavu. Fomu ya namna hiyo inamlinda aliyeichapa.

Chama cha Madaktari Duniani kina tamko lake juu ya tiba ya mbali, lililopitishwa Copenhagen mwaka 2007 na kurekebishwa baadaye. Linataka mgonjwa aelezwe, kwa lugha anayoielewa na bila kusukumwa, tiba hii inafanyaje kazi, siri yake inaweza kuvuja wapi, na itakuwaje mitambo ikishindwa. Karatasi halikuifanya kuwa kiini cha jambo. Ndiyo maana wauguzi ninaofanya nao kazi nimewaomba wazungumze kwanza, simu ikiwa bado mfukoni. Ikishatolewa na kamera kufunguliwa, mgonjwa anaona jambo limekwisha kuamuliwa, na swali linabaki la adabu tu. Maneno yenyewe yanaweza kuwa hivi:

"Mama, upele huu sina hakika nao. Kuko daktari wa ngozi Bukavu. Nikipiga picha ya mkono wako, itaenda kwake kwa simu, yeye tu ndiye ataiangalia. Atanijibu leo, ao kesho kama rezo inasumbua. Hawezi kukugusa, kwa hiyo anaweza kusema uende hospitali hata hivyo. Mega za intaneti hautalipa. Na kama hautaki picha, nitamweleza kwa maneno, dawa utapata sawa na wengine."

Sentensi ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa kwanza. Mgonjwa asiyejua kwamba anaweza kukataa na bado akatibiwa hajaulizwa kitu. Baada ya hapo muuguzi anaandika mstari mmoja kwenye fishi, kadi ya mgonjwa: amemweleza nini, kwa lugha gani, na mgonjwa amejibu nini. Nauthamini mstari huo kuliko kurasa mbili za Kifaransa. Wanaokataa wapo, na kazi haisimami. Mama mmoja wa Idjwi alikubali mkono, uso akakataa. Muuguzi akanieleza uso kwa sauti: madoa makubwa kiasi gani, yameinuka au yamelala, yanawasha au hayawashi. Muuguzi anayejua kueleza ananisaidia zaidi ya picha mbaya.

Na picha mbaya ni nyingi. Haya nayo ni sehemu ya ridhaa, kwa sababu mgonjwa anakubali tiba yenye mipaka na ana haki ya kuijua mipaka hiyo. Vitabu vingi vya ngozi vilijengwa juu ya picha za ngozi nyeupe, ambapo uvimbe unaonekana mwekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo unaelekea zambarau au kijivu, na taa ya simu ikimulika karibu unapotea kabisa. Napendelea mwanga wa mlangoni, picha moja ya mbali na moja ya karibu. Hata hivyo kuna nisichokiona. Ukoma, kwa mfano, ambao bado upo Kongo: doa lililopauka linaweza kuwa mambo kumi, na linalotofautisha ni kama pale penye doa pamekufa ganzi. Hapo namwomba muuguzi aguse kwa pamba huku mgonjwa amefumba macho. Vidole ni vyake, jibu ni langu, na mgonjwa aambiwe kwamba tunamtibu wawili.

Mpox, ile iliyoitwa ndui ya nyani, imefanya haya yote kuwa magumu zaidi. Aina inayoitwa klade Ib ilianza kuonekana Kamituga mwaka 2023, katika mji wa wachimbaji wa dhahabu, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Wengi waliambukizwa kwa kukutana kimwili, kwa hiyo vidonda vilitokea sehemu za siri. Fikiria kijana wa miaka ishirini, mchimbaji, anaombwa avue nguo mbele ya simu. Anachoogopa si kidonda tena. Anaogopa kwamba picha itazunguka na watu watamtambua kwa tatuu au kwa shanga kiunoni. Kidonda kikiwa pia mkononi au mgongoni, mkono au mgongo unanitosha. Na picha haithibitishi mpox. Kinachothibitisha ni kipimo cha maabara, PCR, cha majimaji au gamba la kidonda. Kama jibu litakuwa lilelile, nenda kapime, kwa nini tumvue mtu nguo?

Hapa kuna jambo ambalo wenzangu wengi wanalikwepa. Nikishuku mpox, muuguzi analazimika kutoa taarifa kwa zoni ya afya, ofisi ya serikali inayosimamia afya ya eneo lake. Siri ya daktari kwetu inalindwa na sheria ya adhabu, lakini si ukuta usio na mlango. Mgonjwa aambiwe hilo kabla ya picha. Ndiyo, wengine watakataa. Wakigundua baadaye, watakataa na familia zao na jirani zao.

Kuhusu nani anajibu swali: mgonjwa mwenyewe. Mwanamke anapotazama mumewe kabla ya kujibu, muuguzi amwombe mume asubiri nje kidogo, kwa heshima: "Baba, tupe dakika tano." Marekebisho ya mwaka 2016 ya Kanuni ya Familia, sheria ya nchi yetu, yaliondoa ruhusa ya mume iliyokuwa ikidaiwa kwa mwanamke aliyeolewa, na sioni kwa nini irudi kupitia kamera. Kwa mtoto anajibu mzazi au anayemlea, ila mtoto wa miaka kumi na miwili anayeficha mguu wake naye amesema kitu. Aliyezimia hatuulizi, tunaokoa kwanza, tunaeleza baadaye. Na kesi za kubakwa sizipokei kwa simu hata kidogo: zina njia yake, na hapa Bukavu, kwa bahati mbaya, tuna uzoefu wa njia hiyo kuliko miji mingi.

Sasa simu zenyewe. Ujumbe wa WhatsApp unasafiri umefungwa tangu mwaka 2016, na watu wakisikia hivyo wanapumua. Mimi mtu wa kuunasa ujumbe njiani sijawahi kumwogopa. Naogopa galari, ambamo picha inajihifadhi yenyewe kati ya picha za ubatizo na za mechi, na mtoto wa muuguzi akiomba simu acheze anaifikia kwa kidole kimoja. Naogopa nakala inayopanda mtandaoni usiku bila mwenye simu kujua. Kuna na hili: picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inabanwa, ukali unapungua, lakini habari za mahali ilipopigwa zinaondolewa. Ikitumwa kama faili inafika safi, huku ikibeba kila kilichoandikwa ndani yake, hata kijiji kama GPS ilikuwa imewashwa. Nachagua iliyobanwa, halafu naomba nyingine ikinishinda.

Makundi ya WhatsApp ya madaktari sitaki kuyaona. Mgonjwa alikubali daktari mmoja. Kumtupa mbele ya watu mia mbili, wengine wakiwa wamehamia Kanada, ni kumpora. Vivyo hivyo kwa kufundishia: aliyekubali kutibiwa hajakubali kuwa somo la wanafunzi wangu. Namwuliza mara ya pili, siku nyingine, akiwa amepona, wakati hanihitaji tena. Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data binafsi, na picha ya ngozi ya mtu ni data binafsi hata bila jina.

Mgonjwa akibadili nia, tunafuta. Lakini aelezwe ukweli: nikifuta kwangu haijafutika kwa muuguzi, na akifuta kwenye mazungumzo bado ipo kwenye galari, na ikitoka kwenye galari inakaa kwenye kapu la taka la simu kwa siku 30 au zaidi kabla ya kutoweka. Kwa hiyo tunafanya pamoja kwa simu, mgonjwa akitazama: mazungumzo, galari, kapu, kisha nakala ya mtandaoni. Kama mega zimekwisha, kufuta nakala hiyo kunasubiri kesho, na muuguzi anaandika hilo pia kwenye fishi.