Je, Wajua kwa Nini Barua Pepe Uliyoifuta Kompyutani Bado Ipo Mtandaoni?

Karani wa nyumba ya wageni mjini Lamu hupokea maombi ya vyumba kwa programu ya barua pepe iliyo katika kompyuta ya ofisini, ilhali mwenye nyumba, aliyeko Malindi, huzisoma barua zizo hizo kwa kivinjari. Karani ameshajibu na kufuta. Mwenye nyumba bado anaiona barua kana kwamba haijafunguliwa, na jibu halioni popote. Lawama humwangukia karani, au mtandao wa kisiwani, na naona si haki, kwa kuwa mara nyingi chanzo ni namna programu ilivyounganishwa siku ya kwanza na seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi barua.

Muunganisho huo hufuata itifaki, yaani kanuni za kompyuta kuwasiliana, na za kupokea barua ni mbili kuu: POP na IMAP. Itifaki ya POP, iliyotangazwa mwaka 1984, ilimlenga mtu mwenye kompyuta moja inayoingia mtandaoni kwa muda mfupi. Huteremsha barua za kikasha cha zinazoingia tu, wala haiiarifu seva kuwa barua fulani imesomwa au imehamishiwa folda nyingine. Ikiwa programu imeagizwa kuacha nakala kwenye seva, barua yaweza kubaki huko hata baada ya kufutwa kompyutani. Isipoagizwa hivyo, hutoweka mtandaoni mara inapoteremshwa, jambo linalotisha zaidi. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, huiacha barua yenyewe kwenye seva, na kila kifaa huweka alama zake hapo hapo: imesomwa, imejibiwa, imefutwa.

Kwa hiyo anza kwa kufungua mipangilio ya akaunti na kutazama namba ya poti (mlango wa mawasiliano) ya seva ya kupokea: kwa kawaida 995 ni POP na 993 ni IMAP.

Hata hivyo, IMAP nayo si dawa ya kila kitu. Kutuma ni kazi ya itifaki nyingine, SMTP, na ndiyo sababu programu, ikishatuma jibu, huhitaji kuweka nakala yake katika folda ya barua zilizotumwa. Ikiwa imeelekezwa kuiweka kwenye folda ya kompyutani, au kwenye folda ya seva yenye jina tofauti, anayetumia kivinjari ataitafuta bila kuipata. Kufuta pia kuna hatua mbili: barua hutiwa alama kwanza, kisha huondolewa kwa amri ya pili, ambayo baadhi ya programu huichelewesha. Kwenye Gmail, kufuta kwaweza kuondoa tu lebo, yaani alama inayoiweka barua katika kundi fulani, barua ikabaki miongoni mwa barua zote.

Anayehama kutoka POP aongeze akaunti ya IMAP kando ya ile ya zamani, anakili humo barua zilizoko kompyutani pekee, na asiifute akaunti ya POP mpaka azione zote kwenye kivinjari.