Uwele, mlenda na pumzi: jinsi tumbo linavyogusa mapafu

Kwenye kliniki ya kifua hapa Dodoma wagonjwa huyatarajia maswali matatu: unavuta sigara, unapikia nini, unafanya kazi gani. Nikiongeza la nne, kwamba nyumbani mnasonga ugali wa unga gani, wengi hushangaa. "Daktari, mimi nimekuja na kifua, si tumbo." Swali hilo siliachi, na leo naeleza sababu.

Utumbo mpana hukaliwa na matrilioni ya bakteria, na wengi wao hawatudhuru. Wana kazi moja ambayo miili yetu haiwezi: kuzichachusha nyuzinyuzi. Ganda la nafaka, kunde na mboga za majani zina sehemu ambayo tumbo na utumbo mwembamba hushindwa kuimeng'enya, ikafika chini ilivyo. Bakteria huila, na katika kuila hutoa asidi tatu za mafuta zenye mnyororo mfupi: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Nyingine huingia kwenye damu, na kutoka hapo safari ya kwenda kifuani huanza.

Mwaka 2014 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha safari hiyo kwa panya. Panya waliolishwa nyuzinyuzi nyingi, kisha wakavutishwa vitu vya mzio vinavyotokana na utitiri wa vumbi la nyumbani, hawakuvimba njia za hewa kama wale waliolishwa kidogo. Propionati ilikuwa imefika hadi kwenye uboho wa mifupa, mahali seli za kinga zinapozaliwa, na seli zilizotoka huko zikahamia kwenye mapafu zikiwa hazina haraka ya kuchochea mzio. Pumu ya mzio ni hizo hizo seli za kinga kuchachamaa mbele ya vumbi ambalo mtu mwingine angelipiga chafya tu.

Panya si binadamu, najua. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Kanada waliofuatilia watoto 319 waliona kwamba watoto walioonyesha dalili za kuelekea kwenye pumu walikuwa na upungufu wa makundi manne ya bakteria kwenye kinyesi wakiwa na miezi mitatu. Walipofika mwaka mmoja tofauti hiyo ilikuwa imefifia sana. Kwa hiyo miezi ya mwanzo ina uzito wake. Na kwa watu wazima, uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2010 miongoni mwa wauguzi na wataalamu wengine wa afya ulikuta kuwa waliokula nyuzinyuzi nyingi walipata kwa nadra zaidi ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule unaoandikwa COPD kwenye faili, hata baada ya kuzingatia sigara. Kilichojitokeza zaidi ni nyuzinyuzi za nafaka. Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi chanzo, ila unanipa sababu ya kuuliza kuhusu unga.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini, majirani zetu upande wa Singida na Manyara, wamechunguzwa sana. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kuwa bakteria wao hubadilika na majira: kiangazi nyama ikiongezeka, masika asali na matunda ya porini. Baadhi ya makundi hupungua hadi karibu kutoonekana, kisha hurudi. Makundi hayo hayo ndiyo yaliyo adimu kwa watu wa nchi za viwanda.

Kisha mwaka 2025 yakatoka matokeo ya Kilimanjaro, ambayo mimi nayathamini kuliko yote. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea vyakula vya asili walipopewa vya Kimagharibi kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani ya mwili (inflamesheni) kuongezeka, na seli zao za kinga zikajibu vimelea kwa unyonge zaidi. Wa mjini waliorudishwa kwenye vyakula vya asili walionyesha kinyume chake, na vivyo hivyo waliokunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Mapafu hayakupimwa pale, na simshauri mwenye COPD aanze pombe. Lakini uvimbe wa mwili ndio huo huo tunaopambana nao kifuani.

Sasa angalia sahani zetu. Mgogo aliyekula ugali wa uwele au mtama kwa mlenda alikuwa akiwalisha bakteria wake vizuri kila siku. Sembe iliyokobolewa imeondolewa ganda na kiini. Inaniuma kusikia vijana wakiita uwele chakula cha njaa. Dona, kunde, choroko, njugumawe, mlenda wa kukausha, ubuyu: vyote viko sokoni, na vingi ni nafuu kuliko vidonge vya bakteria vinavyotangazwa, ambavyo ushahidi wake kwa mapafu bado ni dhaifu.

Jambo la pili ni antibayotiki. Mafua yakianza, mtu hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini, na mafua ni ya virusi. Dawa haivigusi virusi, ila inawapunguza bakteria wa utumboni, na kwa mtoto mchanga nalichukulia hilo kwa uzito mkubwa. Mgonjwa wa COPD aliyezidiwa, mwenye makohozi yaliyobadilika rangi, anaweza kuzihitaji kweli. Hapo nitaandika bila kusita.

Hakuna ugali unaochukua nafasi ya inhela, wala mlenda unaofuta moshi wa kuni jikoni. Anayetumia dawa za kifua kikuu naye azimalize zote. Rifampisini huwagusa bakteria wa tumboni, ndiyo, lakini kifua kikuu huua. Na ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, usibadilishe chakula kwanza: nenda kituo cha afya wakupime makohozi, vipimo na dawa zake ni bure.