Kumpeleka kituoni au kumbakiza nyumbani? Pima homa kabla ya dawa

Mtoto ameamka na mwili wa moto, muda wa kazi unakaribia, na chupa ya paracetamol iko mezani. Makosa mengi huanzia hapo. Dawa hiyo hushusha homa kwa saa 4 hadi 6 tu, kirusi haikigusi. Ukimpa saa 1 asubuhi, atafika kituo cha kulelea watoto amechangamka. Kati ya saa 5 na saa 7 homa itakuwa imerudi, mlezi anakutafuta kwa simu, na wenzake wameshachezea kila alichokitia mdomoni.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wapime kwanza, dawa ifuate. Kipimajoto cha kwapani husoma chini ya joto halisi la ndani, hivyo 37.5 ya kwapani ihesabu kuwa homa, sawa na 38 ya ndani. Kausha jasho, ncha iguse ngozi na siyo nguo, kisha mkono wake ubane mpaka kipimo kilie. Akiwa na homa, habebwi kwenda kituoni. Anarudi baada ya saa 24 bila homa, na saa hizo zihesabiwe bila dawa ya kuishusha. Kichanga chini ya miezi 3 mwenye homa hatuzungumzii kituo tena: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kama hana homa, mimi huangalia mambo mawili kabla hata ya kujua jina la ugonjwa. Je, anaweza kucheza, kula na kulala kama kawaida yake? Na je, mlezi mmoja mwenye watoto kadhaa ataweza kumhudumia bila kuwatelekeza wengine? Mtoto anayelia na kutaka kubebwa mchana kutwa abaki nyumbani, hata kama ana mafua tu.

Lakini mafua yenyewe, akiwa mchangamfu, hayamzuii. Kamasi kugeuka njano au kijani ni hatua ya kawaida ya mafua na peke yake si dalili kwamba anahitaji antibiotiki. Mtoto huambukiza zaidi siku 2 au 3 za mwanzo, na mara nyingi huanza kueneza kabla hujamsikia akipiga chafya, ndiyo maana kumfungia ndani wiki nzima kwa sababu ya kamasi hakuwakingi wenzake sana. Kinachobadilisha hesabu ni kupumua kwa haraka, mbavu kubonyea ndani kila akivuta hewa, au kushindwa kunyonya. Huyo anahitaji hospitali, siyo kitanda cha nyumbani.

Kuhara na kutapika ndiko ninakokazania kuliko vyote. Abaki nyumbani hadi zipite saa 48 tangu alipotapika au kuhara mara ya mwisho. Vituo vingine hukubali 24, lakini virusi vya tumboni kama noro huendelea kutoka kwenye kinyesi hata baada ya mtoto kupona, na chembe chache sana hutosha kumwangusha mwingine. Kwa mtoto wa nepi hatari huongezeka: choo chepesi huvuja, hugusa meza ya kubadilishia, kisha mikono ya mlezi, kisha chakula. Jeli ya spiriti haimudu noro vizuri. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kila baada ya nepi. Wakati akiwa nyumbani, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 za ORS (maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kila anapoharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Choo chenye damu ni cha kuonwa na daktari.

Magonjwa yenye upele yana hesabu zake. Tetekuwanga hairuhusu kurudi mpaka kila lengelenge liwe limekauka na kuwa gamba. Vipele hivyo hutoka kwa awamu, kwa hiyo usitazame tumbo peke yake; kagua chini ya nywele, kwapani na ndani ya nepi. Usimpe aspirini kamwe. Surua: siku 4 kamili tangu upele ulipotokea. Kirusi chake huelea hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, hivyo piga simu kabla ya kumpeleka kliniki ili asikae kwenye foleni na wengine. Matumbwitumbwi ni siku 5 tangu uvimbe uanze. Kifaduro ni siku 5 za antibiotiki, au siku 21 tangu kikohozi kianze kama hakutibiwa. Kwa vichanga ugonjwa huu huua, na hapo sioni nafasi ya kulegeza.

Kwa upande mwingine, chawa si sababu ya kumkosesha mtoto siku. Atibiwe jioni hiyo, kesho aende. Upele wa kuwasha unaoletwa na utitiri hutibiwa kwa familia nzima siku moja, hata wasiojikuna, na mtoto hurudi baada ya dawa ya kwanza. Wengi hutibu mmoja tu, wiki chache baadaye wote wanajikuna.

Ukishaamua kumbakiza, mjulishe mlezi asubuhi hiyo hiyo: dalili gani, zimeanza lini, na jina la ugonjwa kama umeambiwa na daktari. Huenda kituoni kuna mama mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, au mtoto mwenye kinga dhaifu, na kwao saa chache za kuwahi hospitali zina uzito mkubwa. Na ukimrudisha akiwa bado anatumia dawa, mwandikie mlezi kipimo, saa ya dozi ya mwisho na saa ya inayofuata.