Kapu la msimu ni mali kauli iliyogeuzwa

"Bibi shamba, nimelipia kapu la mboga miezi mitatu, na hii ni wiki ya tatu naletewa matembele. Hapa si nimepigwa?"

Simu hiyo niliipokea mwezi wa nne, masika imepamba moto, kutoka kwa dada mmoja wa Mbezi. Nikamuuliza: wenzako mliolipia pamoja wanaletewa nini? Akajibu, matembele. Basi hujapigwa, dada yangu. Hukuelewa ulichonunua.

Bustani nyingi za Dar zinaendeshwa kwa mali kauli. Mama anafika alfajiri, anachagua tuta la mchicha, anang'oa, hela ataleta akishauza. Mchicha ukinyauka njiani au soko likiwa baya, mkulima ndiye anayesubiri. Kapu la msimu linageuza mambo: mlaji analipa kabla mbegu haijasiwa, kisha kila wiki analetewa kapu la kilichovunwa, na hasara ya mvua au wadudu wanaibeba wote. Wajapani walianza mpango wa aina hii miaka ya 1970 wakiuita teikei, na Marekani mashamba mawili, la Massachusetts na la New Hampshire, yakaanza nao mwaka 1986. Wala si jambo geni kwetu tuliozoea kucheza upatu.

Hela yako inakwenda kwenye mbegu, samadi ya kuku na mafuta ya pampu. Mchicha utauona baada ya wiki tatu hadi nne. Nyanya ni miezi mitatu hivi, kama kantangaze, yule mdudu mtoboa nyanya, hajaiwahi.

Sasa matembele. Mvua kubwa inaulaza mchicha, inarushia majani udongo, na tuta likituamisha maji mizizi inaoza. Nyanya zinashikwa na bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani. Matembele ndiyo kwanza yananawiri: unachuma ncha, yanachipua tena. Kwa hiyo ukiona shamba la wazi la hapa Dar linakuletea nyanya safi kila wiki mwezi wa nne, mimi ningeshtuka. Huenda mwenye shamba amepitia soko la Ilala, akafungua tenga lililoshuka usiku kutoka Iringa.

Kabla ya kulipa, nenda shambani. Usitume mtu. Fuata bomba la pampu mpaka uone linanyonya wapi, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mto Msimbazi unapokea majitaka ya majumbani na ya viwandani, na kinachoingia kwenye jani kupitia mzizi hakitoki kwa kuosha, hata uweke chumvi na siki. Kigamboni kuna mashamba ya visima, na vingine vina maji ya chumvi, onja. Mchicha unavumilia chumvi kiasi, maharage hayavumilii, kwa hiyo ladha ya maji itakuambia hata kapu litakuwa na nini. Dawa nayo uliza: kila kopo limeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Asiyejua siku hizo, muage kwa heshima.

Mara ya kwanza lipia mwezi mmoja, si msimu mzima. Na mboga za majani zikipakiwa kwenye bodaboda saa sita mchana zinafika zimeshapikwa nusu, kwa hiyo kubalianeni asubuhi, au kuwe na kituo kimoja cha kuchukulia mtaani.

Genge lako usiliage, lakini. Karoti bado zitatoka Lushoto, na vitunguu maji hutavipata kwenye bustani ya Bunju.

Yule dada alivumilia. Kipupwe kilipoingia kapu likaanza kuja na nyanya chungu, matango na bamia, bamia kweli kweli. Mwezi wa saba akanipigia tena.

"Bibi shamba, bamia zote hizi nazipeleka wapi?"