Cherehani kilichokufa kikianza kuzunguka tena

Mke wangu ananiuliza, mchana kutwa umeinamia vyerehani vya watu, usiku tena umeshika simu unamuangalia mtu wa Ulaya huko anafungua cherehani, huchoki? Sichoki, na nimeona sio sisi mafundi peke yetu, maana hata wateja wangu ambao hawajawahi kushika bisibisi wanaziangalia hizi video mpaka bando linaisha. Pasi ya mkaa, feni, jiko la mchina, kigari cha kuchezea, mtu anakiokota kimeliwa na kutu halafu baada ya dakika ishirini kinafanya kazi. Mi huu ni mwaka wa 17 natengeneza vyerehani, acha niwaambie kinachotukalisha pale.

Kitu cha zamani kinafunguka, basi. Chukua Singer ile nyeusi ya kukanyaga, 15K, unalegeza skrubu moja tu ya ubavuni pale juu ya sindano, kifuniko kinatoka na kila kitu kiko mbele ya macho yako, unazungusha gurudumu kwa mkono unaona shafti inageuka, inashusha chuma cha sindano, kile kimkono cha kuvuta uzi kinapanda, kule chini meno yanasogeza kitambaa. Unaweza kuifuata kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ndo maana video nyingi za aina hii hazina maneno hata moja na mtu anaelewa, jicho lenyewe linaona hiki kinasukuma kile. Mashine nyingi za sasa ukifungua unakutana na bodi ya kijani ya umeme, imeungua au haijaungua kwa kuangalia tu hujui, na hapo hata mi fundi sina cha kumuonyesha mteja.

Mwezi uliopita mama mmoja kaniletea 15K ya marehemu mama mkwe wake, imekaa stoo miaka, kila fundi aliyemuonyesha anamwambia hiki kimekufa, uza chuma chakavu. Nikashika gurudumu, halisogei hata kidogo. Nikanusa kwenye matundu ya oili nikajua. Mafuta ya kula! Jamani hili ndo linaua vyerehani vingi kuliko kutu, mtu oili imemwisha anachukua chupa ya jikoni anamiminia, siku ya kwanza kinateleza vizuri sana, ila mafuta ya kula yakikaa na hewa yanaganda, yanakuwa gundi ya kahawia kama vanishi, na kila shafti inabaki imeshikwa kwenye tundu lake. Chuma chenyewe ndani kizima kabisa.

Nikachukua sirinji, mafuta ya taa tone kwa tone kila tundu, nikaacha usiku mzima. Asubuhi nikapasha na drai ya nywele ya saluni ya jirani, nikashika gurudumu mbele nyuma, mbele nyuma, bila kulazimisha maana ukilazimisha unavunja. Kama nusu saa hivi, halafu likasogea upana wa ukucha. Hapo ndo penyewe. Nimeshafungua mamia ya vyerehani na bado mkono wangu unashtuka pale, na nina hakika anayeangalia video anasubiri hicho hicho, ule mshtuko wa kitu kilichokataa halafu kikakubali.

Nikaingia chini, nikatoa boksi la bobini, nikafungua kile kiringi kinachoshika ndoano ya kudaka uzi, nyuma yake kuna donge la nyuzi limekandamizwa gumu kama mbegu. Nikalikata katikati kwa wembe. Nje nyuzi nyeupe, ndani bluu, ndani kabisa kaki. Yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi, akalichukua akalitazama muda mrefu, akasema hizi ni sare za shule, mama alishonea watoto wa mtaa mzima.

Nikamwambia na mashine yenyewe ilikotoka. Ile K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer pale Clydebank, Scotland, kilifunguliwa 1885 kikafungwa 1980, na stesheni ya treni ya hapo mpaka leo inaitwa Singer. Vyuma vyake bado vinakubali kupangwa upya. Sindano ikifika chini kabisa ikaanza kupanda, ikipanda milimita 2 na kitu uzi unajikunja kitanzi kidogo, na ncha ya ndoano lazima ipite ndani ya kitanzi hicho wakati huo huo. Ikiwahi au ikichelewa, inaruka mshono. Nilipompangia, mshono wa kwanza kwenye kipande cha kanga ulitoka umenyooka.

Sasa video zenyewe sio zote nazipenda. Kuna wanaopiga msasa kila kitu mpaka yale maua ya dhahabu ya Singer yanaondoka, wanapaka rangi mpya inang'aa, mi roho inaniuma kabisa, maana pale mkono wa mshonaji ulipopita miaka 40 rangi imelika taratibu na hiyo hairudi. Kuna na wanaopaka kutu ya uongo. Kutu ya kweli inaanzia rangi ilipobanduka na kwenye maungio, ukiiona imeenea sawasawa kila mahali hiyo imepakwa jana.

Kwenye vigari vya Matchbox pia hivyo hivyo. Vile vya kampuni ya Lesney ya London, jina la Matchbox walianza nalo 1953, vimefungwa kwa ribiti chini, huna skrubu ya kufungua, unachimba ribiti kwa drili ya ncha nyembamba ndo bodi ya kigari inaachia. Halafu watu wanavua rangi yote. Kama mtoto alikwaruza herufi ya jina lake kule chini na msumari, mi naomba uiache.

Cherehani cha yule mama bado kipo kwangu, mkanda wa ngozi umekakamaa na kukatika sehemu mbili, Jumamosi namkatia mpya. Nimempa na kichupa cha oili ya cherehani, tone moja kila tundu kila wiki, na ile ya jikoni aifiche mbali.