Sheria Hazilipuki

Mwezi uliopita nilikabidhi tafsiri ya mwongozo wa usalama unaohusu vilipuzi, pamoja na faharasa ya istilahi za Kiingereza na Kiswahili mwishoni. Iliporudi kutoka kwa mhariri, neno "ordnance" lilikuwa limesahihishwa mara 14 likawa "ordinance", na pembeni ya sahihisho la kwanza palikuwa na maelezo mafupi ya upole: "Ndugu mfasiri, umeruka herufi i." Nimetafsiri nyaraka za kisheria na za kiusalama kwa muda wa kutosha kuyazoea maelezo ya namna hiyo, na kwa kawaida huyajibu kwa sentensi mbili nikaendelea na shughuli zangu. Safari hii sentensi mbili hazikutosha.

"Ordnance" ni neno kamili, wala halikupungukiwa na chochote. Ni la jeshini, na maana yake ni zana za vita, hasa mizinga, makombora, mabomu na risasi. "Ordinance" ni la barazani na mahakamani, na maana yake ni sheria au amri iliyotolewa kwa maandishi na mamlaka fulani. Programu ya kukagua tahajia haimwokoi mtu hapa, kwa sababu maneno yote mawili imeyahifadhi, na haijali kama unachotaka kukitegua ni bomu au ni sheria. Nimewahi kuletewa nihariri waraka uliomwonya mwananchi asiguse "sheria ndogo ambazo hazijalipuka". Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba waraka ule ulikusudiwa kubandikwa mahali ambapo watoto huchunga mbuzi.

Kwa haki, kosa hili lina chanzo kinachoeleweka. Ulimi wa Kiswahili hauvumilii d na n zikigongana bila irabu kati yake, na kama vile "waqt" ya Kiarabu ilivyopata irabu ikawa wakati, na "rizq" ikawa riziki, ndivyo "ordnance" inavyopata i mdomoni mwetu hata kabla hatujashika kalamu. Tukitamka, yote mawili ni odinansi. Isitoshe, maneno haya ni ndugu wa tumbo moja: yametokana na neno moja la Kifaransa cha zamani, lenye mzizi wa Kilatini wa kupanga na kuamuru, na kwa karne kadhaa Waingereza wenyewe waliyaandika ovyo ovyo bila kuyatenga. Hatimaye tahajia fupi ikabaki kwa watu wa mizinga, na ndefu ikabaki kwa watunga sheria. Kwa hiyo anayesema kwamba hapo mwanzo lilikuwa neno moja hajakosea, ila amechelewa karne tatu hivi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni ramani. Shirika la ramani la Uingereza, Ordnance Survey, linahesabu umri wake tangu mwaka 1791, na jina hilo lilitokana na Board of Ordnance, bodi iliyosimamia mizinga na ngome kutoka Mnara wa London hadi ilipovunjwa mwaka 1855. Wanajeshi walihitaji kujua milima na fukwe zilipo ili wajue mizinga waiweke wapi. Mabwana ardhi wetu wanaoshughulika na karatasi za zamani za Tanganyika hukutana na jina hilo kwa njia ya kuzunguka: nyingi zilichorwa na idara ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa mwaka 1946, na idara hiyo ikaja kumezwa na Ordnance Survey mwaka 1984. Nimesoma hati ya madai iliyoliita shirika hilo "Idara ya Upimaji wa Kisheria". Hakuna sheria yoyote ndani ya jina lile; kuna mizinga tu.

Hayo yote ni mepesi, na mtu akiyakosea hujirekebisha kwa siku moja. Kinachonikera hasa ni imani ya pili, ambayo hata wanaojua tofauti ya tahajia wanaishikilia kwa nguvu: kwamba "ordinance", popote utakapolikuta, ni "sheria ndogo".

Tuanze nyumbani. Katika Tanganyika ya Waingereza, "ordinance" ilikuwa sheria kuu ya nchi, na haikuwa na chochote cha udogo. Land Ordinance ya mwaka 1923, iliyoamua hatima ya ardhi yote ya nchi hii, ilitungwa na Gavana kabla hata Baraza la Kutunga Sheria halijaanzishwa mwaka 1926. Kule Kenya, Crown Lands Ordinance za mwaka 1902 na 1915 ziliwanyang'anya watu nchi nzima. Kuziita sheria ndogo ni kuwatania waliohamishwa. Baada ya Uhuru, Bunge lilianza kutunga "Acts", lakini zile za zamani ziliendelea kuitwa "ordinances" kwa miongo kadhaa, na nyingi zilibadilishwa jina katika toleo la sheria lililorekebishwa la mwaka 2002. Ndiyo maana wakili anayesoma hukumu ya mwaka 1975 anakutana na Advocates Ordinance, na katika hukumu ya mwaka 2010 anakutana na Advocates Act, sura ile ile ya 341. Ni sheria moja iliyobadilishiwa kofia. Mimi huitafsiri kwa neno "Sheria" tu, kisha naandika mwaka na sura, na mhariri akiniuliza "ndogo" imekwenda wapi, namwomba anioneshe kubwa iliyokuwa juu yake wakati ule, ukiacha maagizo ya Mfalme kutoka London.

Ukivuka maji kwenda Zanzibar, mambo hubadilika tena. Kule palikuwa na Sultani chini ya himaya ya Uingereza, na sheria zilitoka kwa jina lake, hivyo zikaitwa "decrees". Penal Decree ya Zanzibar na Penal Code ya Bara, zote mbili sheria za makosa ya jinai, ni za aina moja kwa kazi, lakini mfasiri akiandika "ordinance" kwa sheria ya Zanzibar ya enzi hiyo amemwondoa Sultani katika historia kwa neno moja.

Uganda ndiko mahali ambapo tafsiri ya "sheria ndogo" inaleta madhara ya leo leo. Kwa mujibu wa sheria yao ya serikali za mitaa ya mwaka 1997, baraza la wilaya hutunga "ordinances", na mabaraza yaliyo chini yake hutunga "bylaws". Ni ngazi mbili tofauti, na ya chini haiwezi kupingana na ya juu. Ukiziita zote mbili "sheria ndogo", kama nilivyoona ikifanyika katika kijitabu cha wafugaji, msomaji hatajua ni ipi inayoshinda pale zinapogongana, na kugongana ndiko kulikofanya kijitabu kiandikwe. Mimi hutumia "sheria ya wilaya" kwa ya kwanza, na "sheria ndogo" naiachia ya pili. Sisemi kwamba uamuzi huo ni mzuri kwa kila namna, kwa sababu msomaji wa Tanzania, ambako halmashauri ya wilaya hutunga sheria ndogo, atashangaa. Sijapata bora zaidi.

Huko India neno hilo hilo ni kitu kingine kabisa: amri yenye nguvu ya sheria anayoitoa Rais wakati Bunge haliko kikaoni, chini ya ibara ya 123 ya katiba yao, na hufa wiki sita baada ya Bunge kurejea kama halikuiidhinisha. Marekani ni sheria ya jiji au kaunti, na hapo ndipo nadhani "sheria ndogo" yetu ilipookotwa, kwenye filamu. Hong Kong hadi leo ni sheria kamili ya eneo zima. Wenzetu wanaofanya kazi kwa Kifaransa nao wana mtego wao: nchini Kongo "ordonnance" hutiwa saini na Rais, ilhali Burundi waziri pia hutoa "ordonnance" yake, na katika nchi zote mbili daktari akikuandikia dawa, karatasi unayoipeleka duka la dawa inaitwa hivyo hivyo. Kwa hiyo swali la kwanza la mfasiri ni hili: nchi gani, mwaka gani, na nani aliyetia saini?

Nirudi kwenye mabomu, kwa sababu hata huku mimi mwenyewe sina usalama ninaojifanya kuwa nao. "Zana za kivita" ni pana mno, maana huingiza malori na redio. "Mabomu" ni finyu mno, maana huacha risasi na makombora. Katika jeshi la Uingereza, kikosi cha Royal Army Ordnance Corps, kilichokuwa na jina hilo kuanzia 1918 hadi 1993, kiligawa pia mahema na suruali, na suruali kuiita kilipuzi ni tabu. Kiwanda cha serikali ya Kenya kilichoko Eldoret kina "Ordnance" katika jina lake, na hapo "risasi" inatosha kabisa.

Kisha kuna mikataba. Itifaki ya Tano ya mwaka 2003 ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti baadhi ya silaha za kawaida, inayohusu mabaki ya vilipuzi vya vita, inapotaja "explosive ordnance" haijumuishi mabomu ya kutegwa ardhini, ambayo yana itifaki yake. Na "unexploded ordnance" humo ni kile kilichotumiwa katika mapigano kikashindwa kulipuka. Sasa, makombora yaliyotapakaa katika makazi ya watu baada ya maghala ya jeshi kulipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, hayakurushwa na mtu yeyote katika vita yoyote. Kwa maneno ya itifaki hayaingii humo, lakini mtegua mabomu aliyepiga magoti mbele ya mojawapo ataliita hivyo bila kusita, na sioni ni kwa haki gani nimkosoe. Katika faharasa yangu niliandika "kilipuzi ambacho hakijalipuka", nikaongeza tanbihi ya mistari sita ambayo najua hakuna atakayeisoma.

Haya yote nilimwandikia mhariri, kwa adabu, na kwa ufupi kuliko hapa. Alinishukuru sana. Nakala ya pili imefika jana jioni, nayo i zote 14 zimeondolewa. Imeondolewa pia ya 15, iliyokuwa katika jina la sheria ya zamani ya silaha ya Tanganyika, ambayo sasa inasomeka Arms and Ammunition Ordnance.